Pasi ya wati 1,200 na friji ya wati 120: nani anamaliza luku? Tuisome vizuri hii namba

Nyumba za kupanga hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Gungu mpaka Ujiji, nyingi zina mita moja ya luku (umeme wa kulipia kabla) na wapangaji watano sita, na ugomvi wa kila mwezi ni uleule, nani anakula umeme. Siku hizi watu wameanza kugeuza vifaa na kusoma wati zilizoandikwa kwa chini halafu wanagawana mchango kwa hiyo namba. Mwenye friji ya wati 120 anatoa kidogo, mwenye pasi ya wati 1,200 anaambiwa yeye ni mara kumi ya mwenzake kwahiyo atoe hela ya maana, na mama aliyejinunulia jiko la presha la umeme la wati 1,000 anaambiwa alifungie kabatini au atafute nyumba nyingine. Ukiisikiliza hiyo hesabu inaonekana ya haki kabisa maana ina namba ndani yake, lakini ni mbovu, na inamuumiza mtu asiye na kosa kwa sababu namba imesomwa nusu. Naomba tuielewe vizuri, tena kwa hesabu ya kawaida tu ambayo simu yako inaifanya.

Tuanze na wati yenyewe. Umeme ni nishati, na nishati ndo inayochemsha maji, inayozungusha feni, inayowasha taa. Wati inapima KASI ya kuitumia hiyo nishati, yaani kila sekunde inayopita kifaa kinavuta kiasi gani. Ni kasi, sio jumla. Wati elfu moja ndo kilowati moja, na wati milioni moja ndo megawati moja, zile tunazozisikia kwenye taarifa ya habari. Jina limetokana na James Watt, fundi wa Scotland aliyezaliwa 1736, aliyeboresha injini za mvuke na akawa anazipima nguvu kwa kuzilinganisha na farasi, ndo hizo hospawa za mashine tunazozitaja mpaka leo, na hospawa moja ni kama wati 746.

Uniti ya luku ni kitu kingine. Uniti ndo jumla yenyewe, na uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima bila kukata kimekula uniti moja, cha wati 100 kitahitaji masaa kumi kuimaliza hiyohiyo uniti moja, na cha wati 10 kitahitaji masaa mia. Hesabu ni hiyo tu: wati zidisha kwa masaa, gawanya kwa elfu moja, unapata uniti.

Mtu wa Kibirizi, kwenye mwalo wa boti hapa Kigoma, nikimweleza kwa injini ya boti ananielewa papohapo. Mashine ya 40, hiyo 40 ni hospawa, ukiigeuza inakuja kama kilowati 30, na inakwambia mashine ikikamuliwa mpaka mwisho inasukuma kwa nguvu gani, haikwambii utachoma lita ngapi za petroli. Mwenye mashine ya 40 anayetoka mara moja kwa wiki kupeleka mzigo hapo karibu na kurudi, na mwenye mashine ya 15 anayepanda mpaka Kagunga, kule mbali mpakani, na kushuka kila siku, wa pili ndo atakayenunua petroli nyingi, wala hakuna mtu ziwani atakayebishana na hilo. Wati ni kama hiyo 40 kwenye kifuniko cha mashine, uniti ni lita ulizochoma.

Sasa tuirudie ile pasi na ile friji. Pasi ya wati 1,200 ina kidhibiti joto ndani, utaona ile taa ndogo nyekundu inawaka, baada ya muda inazima, halafu inawaka tena. Taa ikizima pasi haivuti kitu, inatumia joto ililokwishapata. Chukua mtu anayepiga pasi mara mbili kwa wiki nusu saa nusu saa, jumla ni saa moja kwa wiki, na katika hiyo saa tuseme pasi imevuta umeme nusu ya muda. Hapo ni uniti 0.6 kwa wiki, kwa mwezi uniti 2.6 hivi. Friji ya wati 120 haizimwi, ipo kwenye soketi masaa 24, kompresa inanguruma inanyamaza, inanguruma inanyamaza. Tuseme inanguruma asilimia 40 ya muda wote, ni uniti 1.15 kwa siku, kwa mwezi zinakaribia 35. Yaani yule mwenye wati "kidogo" amekula mara kumi na tatu ya yule aliyeambiwa ndo mlaji mkubwa. Na hiyo ni friji inayotunzwa, ukiwa unagandisha barafu za kuuzia watu wa samaki, au mlango hauzibi vizuri, au watoto wanafungua kila dakika, kompresa inanguruma zaidi ya hapo na uniti zinapanda.

Hili lina uzito zaidi kwa wale wa daraja la D1, yaani wateja wa nyumbani wa matumizi madogo. Kwa bei zilizopangwa 2016, mteja wa D1 analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, zikizidi hapo kila uniti ya ziada inaruka kwenda 350, na mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, analipa 292, zote hizo kabla ya kodi na tozo. Friji moja ya kawaida imeshachukua karibu nusu ya hizo 75. Kwahiyo kwenye nyumba yenye mita moja zikifika friji mbili tatu hakuna D1 hapo, na wala hakuna pasi wala jiko lililosababisha.

Na jambo jingine dogo ambalo watu wanavisingizia vifaa: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia luku, kwahiyo ukinunua umeme mara ya kwanza kwenye mwezi unaona uniti zimepungua kuliko ulivyozoea. Hiyo ni kodi, jiko la mpangaji halihusiki.

Kama mnataka kumaliza ubishi nyumbani bila kumtegemea mtu, mita yenyewe inaweza kuwapimia. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake pameandikwa namba kama 1000 au 1600 ikifuatiwa na imp/kWh. Maana yake taa ikipepesa mara 1,000 (au 1,600 kwa hizo nyingine) imekwenda uniti moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba, bakiza kifaa kimoja tu, chukua simu weka saa ya kuhesabu sekunde, pima kutoka kupepesa hadi kupepesa. Mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa hizo sekunde unapata wati zinazovutwa muda huohuo. Pasi ikiwa inapata moto utaona taa inapepesa kila baada ya sekunde tatu, ndo wati 1,200 hizo. Bakiza friji peke yake, utasubiri kama sekunde thelathini ndo ipepese, wati 120, halafu kompresa ikinyamaza utakaa pale mpaka uchoke, haipepesi kabisa. Mita ya 1600 badala ya 3,600 weka 2,250. Fanyeni wote mkiwepo, kila mtu aone kwa macho yake.

Tuje kwenye imani nyingine iliyoota mizizi, kwamba ukinunua kitu cha wati nyingi umejiletea hasara. Kwa vitu vya kuchemsha sio kweli. Lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 mpaka yachemke inahitaji kama uniti 0.13, na hiyo ni sheria ya maji, haijali jagi ni la kampuni gani. Jagi la umeme la wati 2,200 litayachemsha kwa dakika tatu na nusu hivi, la wati 1,500 litachukua dakika tano na kidogo, na uniti zilizokwenda ni karibu zilezile. Ukitaka kuwa mkali zaidi, lile la taratibu ndo linapoteza kidogo zaidi kwa sababu maji yamekaa muda mrefu yakipasha hewa ya chumba. Aliyenunua jagi la wati ndogo akidhani anaokoa luku ameokoa nini? Ameongeza muda wa kusubiri chai. Kinachookoa ni kuchemsha maji ya vikombe viwili kama mnakunywa wawili, sio kujaza jagi.

Na jiko la presha la yule mama, hapo ndo naumia zaidi maana serikali imetoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, halafu mtu akijitahidi kununua jiko anakatishwa tamaa na jirani aliyesoma kibandiko. Chukua majiko mawili, yote yameandikwa wati 1,000. La koili lile la wazi, ukiweka maharage masaa mawili limewaka muda wote na joto jingi limekwenda pembeni ya sufuria, ni uniti mbili. La presha limezibwa, lina ukuta unaotunza joto, likishapanda presha linakata lenyewe na linarudi kuwaka kidogo kidogo tu, maharage yanaiva chini ya saa moja na ukipima kwa mita utaona hata uniti moja haifiki. Namba ni ileile, wati 1,000 kwa 1,000, na luku tofauti kabisa. Ndo maana nasema wati peke yake bila muda haikwambii lolote kuhusu hela.

Sasa geuza ile pasi usome kibandiko chote, maana watu wanaisoma wati wanaacha yaliyo pembeni. Utakuta 220-240V, 50/60Hz, 1000-1200W. Watu huuliza kwanini wati ni mbili, hivi kiwanda chenyewe hakijui? Kinajua vizuri. Zile volti mbili (volti ni msukumo wa umeme) na zile wati mbili ni jozi: ukiipa volti 220 itavuta wati 1,000, ukiipa volti 240 itavuta wati 1,200. Yaani wati zilizoandikwa ni ahadi yenye sharti, na sharti ni volti. Umeme wetu Tanzania ni volti 230 kwa 50Hz, lakini wanaokaa mwisho wa laini wanajua jioni watu wote wakiwasha, taa zinakuwa njano na volti zinashuka mpaka 180 au chini yake. Pasi hiyohiyo kwa volti 180 haitoi tena 1,200, inatoa kama 675, kwa sababu kwenye vifaa vya joto wati zinashuka haraka kuliko volti. Basi mtu anasema pasi mbovu, jagi bovu, fundi kaniuzia feki, kumbe kifaa kizima na mita inakuhesabia hizo 675 tu, haikuibii.

Friji haiko hivyo, na hapa kuna hatari. Mota ya friji volti zikishuka haikubali kufanya kazi kidogo kama pasi, inahangaika kuanza, inavuta ampea nyingi kuliko kawaida (ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya), nyaya za ndani zinapata moto, na siku moja inaungua. Kwahiyo maeneo yenye umeme dhaifu friji gadi (inayokata umeme volti zikiwa mbaya) au stabilaiza (inayoziweka sawa) sio urembo. Taa zikiwa njano na huna hivyo vitu, chomoa friji, usifungue mlango, chakula kitakaa na ubaridi wake masaa kadhaa.

Kinyume chake ni vifaa vilivyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani au Japani, vinafika kwenye mitumba, vizuri na bei poa. Marekani wanatumia volti 120, Japani 100. Kitu cha joto cha volti 120 ukikichomeka kwenye 230 hakivuti mara mbili, kinavuta zaidi ya mara tatu na nusu ya wati zake, na hapo kinachofuata ni moshi. Soma volti kwanza kabla hata ya kuuliza bei.

Chaja za simu zenyewe hazina shida ya volti, nyingi zimeandikwa 100-240V. Shida ni pale mtu anapoona 0.5A pembeni yake anazidisha 240 kwa 0.5 anapata wati 120, anashtuka kwamba chaja inalingana na friji. Hapana, hiyo ampea ni ya juu kabisa kwa hali mbaya kabisa. Angalia upande wa inachotoa, volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10, basi. Betri ya simu ya 5,000mAh inabeba kama uniti 0.019, ukiongeza kinachopotea njiani uniti moja inajaza simu kama arobaini. Mpangaji asiye na kifaa kingine zaidi ya chaja na taa moja mnamdai elfu tano ya nini?

Taa za LED nazo zina namba mbili kwenye boksi. Kubwa imeandikwa 60W na ndogo 9W, na mtu anadhani amenunua mwanga wa 60 kwa umeme wa 60. Inavuta 9, ile 60 wanalinganisha na balbu ya zamani ya waya yenye mwanga kama huo. Nyumba ya taa tano zinazowaka masaa matano kila usiku, kwa LED ni uniti 7 kasoro kwa mwezi, kwa balbu za zamani ni 45. Hakuna mabadiliko ya bei rahisi nyumbani yanayoshinda hilo.

Sabufa ndo namba zake za kuogopwa. Boksi limeandikwa PMPO wati 5,000, wati 8,000, na jirani anakuja juu kwamba sabufa inamaliza umeme wa nyumba nzima. Ingekuwa kweli inavuta wati 8,000 isingechomekeka kwenye soketi yoyote ya nyumbani. Hiyo PMPO ni namba ya kuuzia, kishindo cha kukadiria cha sehemu ndogo sana ya sekunde, haipimi chochote unachokilipia. Geuza sabufa nyuma pale waya wa umeme unapoingia, utakuta wati 40, 60, hapo ndo ukweli ulipo. Kelele ni kesi nyingine na ina haki ya kulalamikiwa, lakini sio kwa hoja ya luku.

Kwa wenye jenereta, inveta na sola nitagusa haraka. Jenereta na stabilaiza zinaandikwa kVA badala ya kilowati, kwa usalama chukulia kVA 1 kama wati 800. Kwenye jenereta ndogo namba kubwa ya kwenye boksi ni ya juu kabisa kwa muda mfupi, tafuta ile ya kufanya kazi mfululizo, ni ndogo kuliko hiyo na ndo ya kupangia matumizi. Friji ya wati 120 wakati inaanza inaweza kuvuta mara tatu mpaka saba ya hapo kwa muda mfupi sana, ndo sababu inveta ya wati 300 inazima kila kompresa ikitaka kuwaka ingawa hesabu ya karatasi ilikubali. Paneli ya sola ya wati 100 inatoa 100 jua likiwa kali kabisa na paneli ikiwa na nyuzi 25, na juani paneli inapata moto zaidi ya hapo, kwahiyo usitegemee zifike.

Mitambo mikubwa nayo ni hivyohivyo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na mradi wetu wa umeme wa maji wa Malagarasi pale Igamba unatajwa megawati 49.5. Huo ni uwezo wa juu, sio kwamba muda wote zinatoka hizo. Na umeme ukizalishwa bado unatakiwa ufike, kupitia laini, transfoma, mpaka nguzo ya mtaani kwako, kwahiyo nchi inaweza kuwa na megawati za kutosha na mtaa wako ukalala giza kwa sababu ya transfoma moja. Sisi watu wa Kigoma tulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli nje ya gridi ya taifa tunalijua hili.

Kuna sehemu moja ambapo wati kubwa ni ya kuogopwa kweli, na ajabu ndo ambayo watu hawaiogopi. Ni ekstensheni. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ya ampea 13, zidisha kwa volti 230 unapata wati 2,990, huo ndo mwisho. Jagi la 2,200 na pasi ya 1,200 kwenye ekstensheni moja ni 3,400, umeshapita, na hiyo ni ekstensheni nzuri, zile za bei ya chini waya wake ni mwembamba haubebi hata nusu ya hapo. Hapa muda hauhusiki tena, dakika kumi zinatosha waya kupata moto chini ya zulia au nyuma ya godoro. Vyumba vyetu vingi vina soketi moja tu, najua, kwahiyo kila kitu cha joto kichomekwe peke yake moja kwa moja ukutani, jagi likimaliza ndo pasi iingie. Na ukishika plagi ukakuta ni ya moto au imeanza kuwa kahawia pembeni, chomoa muda huohuo na umwite fundi abadilishe soketi, usiifunge na tepu ya nailoni ukaendelea kutumia.